Bumba la Nyuki Nyuma ya Jiko

Jumatatu, 3 Februari
Nimesahihisha madaftari ya hesabu mpaka saa kumi. Darasa la nne. Kiswahili cha darasa la tano sina tena, kachukua Zuhura, mwalimu mpya kutoka Tanga. Kipindi chake nakisikia ukutani. Nomino za makundi. Kundi la ng'ombe, wingu la nzige, mtungo wa samaki. Watoto wa Tumati, huku milimani bila bahari wala ziwa, na mtungo wa samaki! Wanacheka mpaka madawati yanagongana. Kwangu hawakuwahi kucheka. Miaka tisa.

Jumatano, 5 Februari
Mwalimu Mkuu katangaza wakati wa chai. Wakaguzi wanakuja wiki ijayo, somo la mfano atafundisha Zuhura. Kila mwaka mimi naambiwa mwakani. Nimepiga makofi kama wenzangu. Chai imenishinda.
Nina wivu. Basi.

Alhamisi, 6 Februari
Zuhura kanifuata ofisini. "Shikamoo dada. Nyuma ya jiko kuna bumba la nyuki mtini. Kesho nataka watoto waende kuliona kwa macho yao. Hawana neno wale?"
Nimekulia kwenye mizinga ya baba. Nyuki wa safari, wakitua mtini kupumzika, huwa wapole. Wale wana wiki ya tatu pale. Wameshajenga masega na wanayalinda. Jua likiwa kali, usiwasogelee.
"Marahaba," nikamwambia. "Wapeleke tu."

Ijumaa, 7 Februari
Saa sita. Makelele. Watoto wanakimbilia madarasani. Mmoja alianguka karibu na mti. Zuhura akarudi, akavua mtandio, akamfunika. Yeye kabaki wazi.
Uso umevimba, macho hayaonekani. Pikipiki imempeleka zahanati. Watoto watatu wameumwa, si sana. Nimewatoa miiba kwa kucha. Ningeweza kusema jana. Neno moja tu.

Jumapili, 9 Februari
Baada ya ibada nimempelekea maziwa. Yuko nyumbani, jicho moja limefunguka. Jirani yake alianza kunisema, eti nilimruhusuje, yeye akamkatiza: "Dada hakujua."
Sikumsahihisha. Nimetoka pale nikiwa na nafuu moyoni. Hiyo nafuu ndiyo inanichukiza zaidi.
Jioni Mkuu kapiga simu. Somo la mfano nimepewa mimi. Nimefurahi. Mungu anisamehe, nimefurahi.

Jumatano, 12 Februari
Nimefundisha darasa lake la tano. Wakaguzi wawili walikaa nyuma. Nikauliza ng'ombe wengi pamoja tunawaitaje. Mikono yote juu. Nzige, mikono juu. Nikauliza nyuki.
Darasa zima limeinamia madaftari. Jibu wanalijua wote.
Nikaandika mwenyewe ubaoni, nikaendelea na samaki. Wakaguzi wamenisifu.