Swali Lako Limefika Ng'ambo

Mdogo wangu Jumaa, salamu za vumbi la Tabora.

Nipo jikoni kwa shangazi, mtaa wa Ng'ambo, natafuna matobolwa, vile viazi vitamu vikavu, kwa karanga. Nimemwambia ukurasa wako wa maswali ya dini mtandaoni umefungwa kwa kukosa leseni, na shehe wa mtaani kwetu kafurahi. Shangazi akataka kujua uliuliza nini mwishoni. Nikamwambia: Mungu humkasirikia mwenye shaka?

Akanuna. "Swali lenyewe silipendi. Lakini wameshalifuta, sasa mimi nitamjibu nani?" Kisha akakujazia chupa ya asali. "Mwambie aje mwenyewe. Kuuliza jikoni kwangu hakuhitaji leseni."

Njoo, Jumaa. Tangu wakufungie, hata mimi huniulizi kitu.

Mungu akulinde, wewe na maswali yako.

Dada yako, Mwajuma