Mita ya Baba Mkubwa na Bati Lililoua Mbuzi

Shangazi Evarista, shikamoo. Nakuandikia kutoka Nyantakara, Biharamulo, furaha na woga vimenijaa pamoja, naomba uniongoze. Naitwa Yuster, mimi na mume wangu Ferdinand ni wakulima, na baba yangu mkubwa, marehemu Bulugu, alikuwa fundi redio, sasa mjane wake amenipa mita yake ya zamani ya kupimia umeme, ile ya mshale, maana nikiwa msichana ni mimi niliyekaa naye akinifundisha kupima, basi nikapima betri ya sola yetu, nikafurahi kuona bado najua.

Wiki iliyopita jirani yangu Kwandu alikuja mbio, mbuzi wake ameegemea bati la bafu akafa palepale, watu wakaanza kusema amelogwa, lakini mimi nikachukua mita, nikagusisha ncha moja kwenye bati na nyingine kwenye udongo uliolowa, Shangazi, mshale uliruka! Nikapiga kelele, "Kwandu, zima swichi kuu! Watoto wasisogee!" Akazima, mshale ukarudi, tukatafuta, tukakuta waya wa taa ya bafu umetafunwa na panya na unagusa bati. Watoto wake walikuwa wanasubiri kuoga humo humo! Tulikumbatiana tukilia na kucheka.

Tangu hapo naitwa fundi, na Ferdinand kwa kujivunia ameahidi kanisani kwamba Jumamosi nitakagua nyaya zote za kanisa. Tatizo ni kwamba siku ile nilipopima umeme ulinipiga kidogo mkononi, kwa sababu nyaya za mita zimepasuka, na sasa mshale haulali kwenye sifuri. Ferdinand anasema, "Funga plasta, mke wangu, kazi iendelee." Moyo unataka kwenda, mwili unaogopa. Nifanyeje?

Yuster, Nyantakara

JIBU

Marahaba, Yuster. Barua yako nimeisoma kwa sauti hapa ofisini, na mshale uliporuka sote tulipiga makofi. Umeokoa watoto. Hongera sana!

Sasa nakugombeza. Umeme umekupiga mkononi, bado unaniuliza kama uendelee? Plasta ni ya kidonda. Nyaya hizo tupa leo, nunua mpya. Nimemuuliza fundi mwenye leseni, naye anasema mita ya umri huo itumie kwenye betri na sola tu. Umeme wa gridi, kama ule wa kwa Kwandu, unaweza kuipasua mikononi mwako.

Kwa mshale usiolala kwenye sifuri, kuna skrubu ndogo chini ya kioo. Mita ikiwa haijaunganishwa popote, zungusha skrubu hiyo taratibu kwa bisibisi mpaka mshale utulie. Kabla ya kupima, anzia kipimo kikubwa ndipo ushuke. Ukiiweka muda mrefu bila kuitumia, toa betri yake, isije ikavuja ikala vyuma vya ndani.

Kwandu asiwashe swichi kuu mpaka fundi abadilishe ule waya. Mwambie leo, usingoje kesho.

Na Ferdinand, najua unasoma: kumpenda mkeo si kumtuma kwenye hatari. Nenda wewe mwenyewe kanisani ukaseme uliahidi kwa haraka, watafute fundi mwenye leseni.

Yuster, siku fundi huyo atakapokuja, nenda. Kaa karibu, mikono nyuma, uliza kila kitu. Kisha ulizia nafasi chuo cha ufundi. Kipaji unacho, mwanangu, sasa kasomee.