Mkamwana Kwenye Mdomo wa Mashine

Tanga, mwezi wa nne

Mdogo wangu Anselmi,

“Watu wazima hawafundishwi kama watoto wa chekechea. Nimewakusanya siku moja, nimewasomea masharti yote ya mashine ya kukoboa kahawa, nimewauliza kama wameelewa, wote wameitika. Kazi imekwisha.” Hayo ni maneno yako mwenyewe, kwa mwandiko ule ule mzuri uliokupatia ukatibu wa chama cha ushirika. Nimeyasoma na kuyarudia, na kila nikiyarudia naona kazi haijaanza. Ulichofanya ni kujiwekea akiba ya maneno ya kujitetea siku mtu atakapoumia.

Lakini nisije nikaonekana nimepoteza adabu huku pwani. Hamjambo hapo Nkwenda? Mgongo wa mama umepata nafuu? Baba mpe shikamoo yangu kabla hujamsomea lolote. Na migomba ya kibanjani, imesimama tena baada ya ule upepo? Mimi ni mzima, ila joto la hapa linaniamsha nikiwa nimechoka, na sabuni, kwa uhaba huu wa madukani, sasa imekuwa habari ya kusimuliana tu. Kwa mengine namshukuru Mungu.

Haya, turudi kwenye ugomvi wetu.

Unajua kwamba hapa kiwanda cha kamba za katani mimi ndiye ninayepanga mafunzo ya wafanyakazi. Wanafunzi wangu wana ndevu, wana wajukuu, wametoka mikoa yote. Nilipofika, mafunzo yalikuwa kama yako. Ofisa anasimama mbele ya ubao, anasoma masharti, watu wanaitika, soda zinafunguliwa, kila mmoja anapelekwa kwenye mashine yake. Mwaka jana alikuwepo Hamisi, mtu mzima mwenye akili zake. Sharti la kwamba nyuzi zikikwama uzime kwanza alilijua kuliko ofisa mwenyewe. Asubuhi alilisema mbele ya wenzake bila kukosea, wakampigia makofi. Mchana nyuzi zikakwama, mkono wake ukaingia. Nilipofika wamemfunga kitambaa, na nyapara anamfokea:

“Si ulifundishwa wewe?”

“Nilifundishwa, bwana. Asubuhi si nilisema mwenyewe?”

Hakuwa anajitetea. Alikuwa anashangaa. Nikaenda kwa meneja nikiwa nimewaka.

“Mama Verdiana, sasa unataka tuwabebe mgongoni?”

“Nataka tuwasimamishe kwenye mashine iliyozimwa, tukwamishe nyuzi makusudi, mtu azime, akwamue, tukwamishe tena, mpaka mkono uende kwenye swichi wenyewe.”

“Na uzalishaji je?”

“Vidole vya Hamisi vimezalisha nini?”

Akanipa banda moja, nadhani ili nishindwe mbele ya watu. Tulipaka swichi rangi nyekundu. Tulichora mstari sakafuni, pale miguu inapotakiwa kuishia. Tulichora picha kwenye bati, tukalitundika usawa wa macho ya anayefanya kazi, kwa sababu mtu aliyeshtuka hakumbuki mkutano wa juzi, anaona kilicho mbele yake. Na tulirudia mpaka watu wakaanza kunitania kwamba wanazima mashine hata wakiwa mezani na wake zao. Banda hilo halijamwaga damu tangu hapo.

Sasa nikuulize, Anselmi. Ulipowauliza “Mmeelewa?” ulitegemea nini? Mama wa makamo asimame mbele ya mwenyekiti, mbele ya katekista, mbele ya wakwe zake, aseme hapana? Mtoto wa shule hana aibu ya kusema hajui, maana kila mtu anajua hajui. Mtu mzima ana jina lake la kulinda. Waliitika “Eego!” kama wanavyoitikia salamu. Ilikuwa heshima kwako, nawe ukaiandika kuwa ni elimu. Tena umewasomea Kiswahili cha maofisini watu wanaosali, wanaogombana na kubembeleza watoto kwa Kinyambo.

Hayo yote ningekusamehe kama si ukurasa wa pili wa barua yako. Uliuandika kama kichekesho. Siku ya kujaribu mashine, baba yuko kwenye injini, kwa kuwa hakuna mwingine anayeijua; yeye alizizoea injini alipokuwa kibarua kwenye jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, kule Uganda. Wanawake wanamimina kahawa ya maganda, na wa mbele kabisa, kwenye mdomo wa mashine, ni mkeo Leokadia. Mkanda wa injini ukakamata pindo la kanga yake. Na yeye, badala ya kupiga kelele, akaifungua ile kanga kimyakimya, akazunguka banda mbio kumtafuta mama aliyekuwa nje anachambua mawe kwenye kahawa, ili mama aje amwambie baba azime. Injini iliponyamaza, kanga ilikuwa matambara. Umeandika kwamba mlicheka mpaka machozi, na mwenyekiti akasema, “Mkamwana, umeivisha mashine kanga mpya, sasa utatuvalia nini sisi?”

Mimi sikucheka. Niliiweka barua chini. Fundo lilikuwa legevu, Anselmi. Je, kama angekuwa amelikaza? Kama angekuwa amembeba mtoto mgongoni, na mbeleko imefungwa kama mbeleko inavyofungwa?

Unajua vizuri kwa nini hakupiga kelele. Nyumbani kwetu mkamwana hamwiti baba mkwe wake. Hatamki jina lake, hapazi sauti juu yake, wala hampi amri, hata ya kumwokoa. Unakumbuka nilipokuja likizo, siku ile ya mvua? Baba alisinzia karibu na moto, kaa likarukia koti lake. Leokadia aliliona kabla yetu sote. Akamwinamia mtoto wenu wa kwanza, ambaye hata kusema alikuwa bado, akamwambia, “Mwanangu, mwambie babu koti linaungua.” Mtoto akacheka. Mimi nikachukua maji ya kunawa nikamwaga.

“Nani ananilowesha?” baba akaruka.

Leokadia alikuwa ameshajificha nyuma ya mlango. Nikamfuata.

“Wifi, ungemwacha mzee aungue?”

“Wifi, sasa ningemwambiaje?”

Hakuwa anatania. Siku ile lilikuwa koti tu, na mimi nilikuwepo. Mkanda wa injini haungoji mtu atumwe kwa mama, na mama arudi na ujumbe.

Najua utakalojibu. Utasema dada amekuwa mtu wa pwani, anadharau mila. Nani kadharau? Mimi namheshimu Leokadia kuliko unavyomheshimu wewe, maana wewe ulizijua mila zake, ukachukua kazi ya kuzima mashine ukamkabidhi mtu mmoja tu ambaye yeye hawezi kumwita, kisha ukamsimamisha yeye mahali ambapo kuita ndiyo salama yake. Anayepanga kazi ya watu wazima anapanga pamoja na mambo waliyokuja nayo kutoka nyumbani. Asipoyaona, mashine itayaona. Na kinachonitisha ni kwamba hapo bandani hakuna mtu mbaya. Baba yuko mahali pake, mkeo ana adabu zake, wewe una karatasi yako ya masharti, na kila kitu kimekaa sawa kinangoja msimu. Mwezi wa sita kahawa itaanza kukauka, watu watapanga magunia kuanzia Mabira mpaka Kihanga, wote wana haraka, vumbi la maganda limejaa, injini inanguruma. Siku hiyo hata mwenye ruhusa ya kupiga kelele hatasikika.

Basi fanya hivi. Seremala atengeneze kifuniko cha mbao juu ya mkanda, leo, si baada ya mauzo. Tafuta ringi kuukuu ya gari uitundike juu ya injini, ufunge nondo ya kuigonga, na kamba yake ipite juu ya wanawake wote, mahali mkono unapofika bila kutafuta. Kamba ikivutwa ringi inalia, baba anazima injini, na asiulizwe mtu kwa nini. Halafu injini ikiwa baridi, wafanye mazoezi. Mmoja ajifanye amenaswa, mwingine avute, baba azime. Wabadilishane, kwa Kinyambo, wakicheka wakitaka, mpaka uchoke kuwatazama. Usiwaulize kama wameelewa. Tazama mikono yao. Ukutani chora kwa mkaa kanga iliyofungwa ya kazini na kanga inayoning’inia. Na mama akae na wanawake peke yao, wanaume mkiwa mbali, awaulize ni nini kinachowatisha pale. Nina hakika watamwambia mambo ambayo hayamo kwenye karatasi yako.

Lakini kamba peke yake haitoshi. Namjua wifi yangu. Kugonga chuma ili baba mkwe azime ni kumwamuru, na yeye ataishika ile kamba aone haya, na katika kuona haya huko mkanda utamaliza kazi yake. Haya hiyo hakuna fundi wa kuiondoa. Anayeweza ni mtu mmoja tu.

Nisalimie mama, na shangazi wa Kihanga, mpika rubisi wetu, umwambie bado namtetea kwa watu wa huku wasiojua kinywaji. Msalimie katekista aliyenifundisha kusoma, na seremala nitakayemlaumu pamoja nawe akichelewa. Mwenyekiti mwambie nimeusikia utani wake, na ninataka awe wa kwanza kujifanya amenaswa siku ya mazoezi. Leokadia mwambie ninampenda, na kanga nyingine nitamtumia mtu akipatikana wa kuja huko.

Na sasa, Anselmi, mistari hii ya mwisho msomee baba kwa sauti, Leokadia akiwepo, hata kama amekaa nyuma ya mlango.

Baba, shikamoo. Wewe ndiye uliyetuwekea mipaka ya nyumba yako, na hakuna mwingine mwenye haki ya kuisogeza. Nakutaka uwaite wanachama bandani, umwite mkamwana wako mbele yao, umwambie kwa kinywa chako kwamba ndani ya banda lile anaweza kukuita, kukupigia kelele, kukugongea chuma, na wewe utamshukuru. Kisha umpe kamba aivute, na uzime, watu wote wakiona. Asipoivuta mara ya kwanza, usiondoke hapo, ngoja mpaka aivute. Kabla hajafanya hivyo, baba, usiiwashe injini ile, hata Anselmi akikuletea barua yenye mhuri.

Binti yako, na dada wa huyo katibu,

Verdiana