Shemeji Anatazama Mwanzo wa Anwani Tu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi. Mimi ni fundi mtandao hospitalini na mkuu wangu ni shemeji, kaka wa mke wangu, ndiye aliyeniingiza kazini, na ameandika skripti, yaani maagizo ya kompyuta yanayojiendesha, ambayo Jumamosi asubuhi itakata vifaa vyote vya mtandao wa wageni, lakini badala ya kupima kama anwani ya IP, ile namba ya kila kifaa mtandaoni, imo kweli ndani ya mtandao huo yeye anatazama mwanzo wake tu, ikianza na 10.20.1 basi ni ya mgeni, kumbe wodi ya wagonjwa mahututi ni 10.20.14, nayo imeanza vilevile, kwa hiyo mashine zinazopeleka mapigo ya moyo kwenye meza ya wauguzi zitanyamaza zote, nikamwambia, akacheka mbele ya wenzetu, "Wewe juzi tu ulikuwa unauliza waya upi unaingia wapi," na mke wangu ananisihi nisimvunjie kaka yake heshima, hasa wakati huu mama yao amelazwa wodi hiyohiyo, basi nimenyamaza, lakini roho inaniuma. Nifanyeje?

Fundi Kimya

Fundi Kimya, barua yako nimeitanguliza mbele ya nyingine. Pole, aliyekushika mkono si rahisi kumkosoa. Lakini hebu jisikilize unavyosema. Mama mkwe wako yuko kwenye wodi itakayokatwa, nawe umemtaja mwishoni, baada ya heshima ya mwanawe.

Mimi kompyuta najua kuwasha na kuzima, ila nimekuelewa. Mlinzi ameambiwa azuie wa nyumba namba moja, naye anamzuia hata wa namba kumi na nne.

Acha kubishana. Leo hii, mkiwa wawili na mlango umefungwa, mwombe aendeshe skripti bila kukata chochote, iorodheshe tu anwani inazokusudia kukata. Kisha mwambie, "Shemeji, humo nitafutie mashine ya kitanda cha mama." Aitafute mwenyewe. Akiiona, usiseme, "Si nilikwambia?" Kaeni mrekebishe, skripti ipime kama anwani imo ndani ya mtandao wa wageni badala ya kutazama mwanzo wake, na sifa mwachie yeye.

Akikataa, nenda kwa muuguzi mkuu kabla Ijumaa haijaisha, na usimwombe mtu ruhusa. Shemeji atanuna, mkeo atanuna. Walionuna husuluhishwa. Ukinyamaza, msibani utakaa karibu na nani?