Saumu ya Baba Frank

Jumamosi, 29 Machi

Nimepanda saumu. Mimi! Miaka thelathini na nne ya ndoa sijawahi kugusa tuta lile. "Wewe mpishi, mimi mkulima," alikuwa akisema Baba Frank. Mchicha na figiri akaniachia nichezee, saumu akabaki nayo mwenyewe. Mbegu alipewa na mama yake kule Kwa Mtoro. Vichwa vidogo vya zambarau, vikali kama nini. Kila mwaka anachagua vilivyo bora, anavifunga kamba, anavitundika stoo. Hivi vya mwisho alivitundika Agosti. Novemba tukamzika.

Basi leo nikaketi barazani, kwaya redioni, nikamenya punje moja moja huku namkumbuka. Alivyochuchumaa pale kwenye tuta, suruali imekunjwa hadi magotini, anazihesabu kwa Kisandawe, ulimi unagonga mdomoni ta! ta! Mimi dirishani namcheka, namwambia anatafuna karanga. Nilijaribu mara mia kuiga. Ulimi wangu wa Kigogo ukagoma.

Punje themanini na mbili, nyeupe, zinang'aa. Zote nimefukia, sikubakiza hata moja. Nimefurahi sana leo. Nimelia pia, lakini kidogo.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Kapiga wifi Mwanne, dada yake Baba Frank, yule aliyeolewa na Mwislamu hukohuko Kwa Mtoro. Nikamtakia sikukuu njema, kisha nikajisifu: nimepanda za kaka yako, zote, nimezimenya vizuri kabisa.

Akaniuliza polepole:

— Umezimenya, wifi?

Kumbe mbegu haimenywi! Ganda ndilo koti lake, kasema, ukiivua na kuitupa kwenye udongo wa majimaji inaoza. Na baya zaidi: za kwake zilikufa mwaka juzi. Ukungu uliingia ardhini, kila anachopanda pale kinaoza shina. Alikuwa anategemea za kaka yake.

Kwa hiyo ndizo hizo tu. Hakuna nyingine.

Mwalimu mzima! Miaka thelathini nawachorea watoto wa watu sehemu za mmea ubaoni, halafu nimepanda kama naandaa pilau. Mkono wa mpishi huo, ukiona saumu unamenya. Mwanne hakunisema. Afadhali angenisema.

Jioni nimefukua moja nione. Imelegea. Nimeirudisha haraka, nikashindilia udongo kama mwizi.

Jumanne, 15 Aprili

Mvua ya siku tatu, ile tuliyodhani imekwisha. Leo jua. Nimeinama tutani mpaka kiuno kikaniambia basi. Zimeota tisa.

Tisa kati ya themanini na mbili. Nimehesabu mara nne, zikawa tisa mara nne.

Frank kapiga kutoka Dar. Habari ileile: mama utakaa peke yako Area D mpaka lini, chumba chako kipo tayari, nyumba tumpe mpangaji. Ana huruma mtoto yule, ila huruma yake ina haraka. Nimechoka kubishana. Nikamwambia nikishavuna saumu za baba yako, nitakuja. Akauliza lini. Mwisho wa Agosti, nikasema. "Basi mama, tumeelewana." Nikasikia anaandika mahali.

Alhamisi, 19 Juni

Baridi. Upepo unaingia hadi chini ya kitenge. Maji ya bomba hayajatoka siku ya tano. Ndoo iliyobaki nimewagawia wale tisa kwa kikombe, mimi nimenawa uso tu.

Baridi kama hii alikuwa anatoka bustanini asubuhi na kuniwekea mkono shingoni, wa barafu! Kwa makusudi! Nilikuwa nafoka nyumba nzima isikie. Leo nimetumbukiza mkono wangu kwenye ndoo, nikajiwekea shingoni. Upumbavu. Haukufanana hata kidogo. Nakukumbuka sana, Baba Frank.

Jumapili, 10 Agosti

Majani yameanza kukauka nchani. Mwanne kasema niache kumwagilia, vichwa vikomae. Ni vigumu kuacha. Miezi minne nimeamka kwa ajili ya kazi hiyo.

Frank katuma ujumbe: kenta ya kuhamisha vyombo imepatikana, tarehe 30. Mpangaji anaingia Septemba mosi. Nimeanza kugawa vyombo. Sufuria kubwa ya msiba nimewapa akina mama wa jumuiya.

Jumatano, 20 Agosti

Sijamwagilia. Nimekaa tu nikaangalia.

Jumamosi, 30 Agosti

Mwanne kaja jana kwa basi, kavaa kanga mpya kabisa kana kwamba anakuja harusini. Amelala kitandani kwangu, tumeongea mpaka sauti zikakauka. Frank kafika asubuhi na kenta na vijana wawili wa kubeba. "Shikamoo mama, shikamoo shangazi." Kaanza na kabati.

Sisi tukaenda tutani. Mwanne akatifua, mimi nikavuta. Cha kwanza: kidogo, cha zambarau, harufu ileile! Nikakivunja nione punje. Hakivunjiki. Nikachukua kisu. Ndani hakuna punje, ni bonge moja la mviringo. Cha pili nikakipapasa tu: vivyo hivyo. Vyote tisa.

Nikasema, wifi, nimeviua. Mwanne kacheka, kaniambia niache kisu kabla sijamaliza ukoo. Havijafa. Vilianza uchi, havikupata nguvu ya kugawanyika. Mama yao, yeye na Baba Frank, alikuwa akipata vya hivi mwaka mbaya. Vinapandwa hivyohivyo vizima, Machi ijayo, na msimu huo vinagawanyika.

— Na maganda yake, kaongeza.

Nikamwambia avichukue. Akatikisa kichwa. Kwake udongo una ugonjwa, vitaoza wiki ya kwanza.

Frank kasikia, kaja anajifuta jasho. Kasema tutavipanda Dar, kwenye ndoo, kule kwenye balkoni. Mwanne akamwuliza kwa upole kama ameshaona saumu imepandwa kwenye joto la Dar. Frank kaangalia saa. "Mama, lakini umevuna. Si tulikubaliana?"

Nimevuna. Siwezi kusema sikuvuna, ila tuta la kuvipandia Machi ni hili la hapa tu. Nane nimezifunga kwenye leso, na ya tisa yenye jeraha la kisu nimeifunga peke yake.

Mwanne kaingia kuswali adhuhuri. Kochi la watu watatu limeshapanda garini, na viti vyote, na meza. Naandikia juu ya ndoo iliyopinduliwa, daftari gotini. Kutoka chumbani Frank anaita: kitanda cha baba kinafunguliwa kwa spana namba ngapi?

Kumi na tatu. Najua. Nilikuwa nikimshikia tochi alipokuwa anakifunga.

Anaita tena. Naendelea kuandika.