Zakaria, Wanataka Kuniuzia Shamba Letu

Zakaria rafiki yangu,

Umelala vizuri huko? Mimi hapa barabara ya Bailey, Marekani, sina usingizi, na kosa ni lako, umekufa wakati ninakuhitaji.

Kile kiwanja kitupu kando ya nyumba yangu, tulipokuwa tunalima mboga za lengalenga na maharage bila kumuomba mtu, ni cha mji. Bon, hilo tulijua, ndiyo maana ulikuwa unapalilia huku unachungulia barabara kama mwizi wa kuku. Sasa watu wa mji wanasema wataniuzia mimi kwanza, kabla ya mtu mwingine, kwa sababu nyumba yangu inakigusa. Nikikataa, atauziwa yeyote anayekitaka.

Mimi kwanza? Mimi niliyekuja juzi? Mara ya mwisho serikali kunichekea juu ya udongo, kule Kivu, nilijikuta Tanzania ndani ya hema la wakimbizi, jirani yangu Mrundi mmoja anayekoroma. Wewe. Binti yangu wa Louisville ananiambia kwa simu, "Papa, just sign," weka sahihi tu. Hajawahi kufukuzwa shambani, huyo.

Basi nikafanya kama kwetu. Siku mama wa ofisi ya mji alipokuja kuangalia kiwanja, niliita majirani wawe mashahidi, tukazunguka mipaka wote, nikafungua kreti ya bia. Chupa ya kwanza nikampa yeye, maana muuzaji ndiye anayeanza. Akarudi nyuma kama nimemshikia nyoka. Zakaria, muuzaji anakataa bia ya mashahidi! Kwetu huyo kesho atasema hajawahi kukuona. Nikamwambia sinunui. Akaenda zake.

Yule bibi Mmarekani wa ng'ambo ya barabara, aliyekuwa anakutania kila asubuhi, alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Akanieleza polepole: mama yule akinywa, anapoteza kazi, wataiita rushwa. Kisha akaichukua ile chupa, akainywa yote, akasema yeye mipaka ameiona.

Bado siamini. Lakini kesho naenda ofisini na bibi huyu, nitaweka sahihi jicho moja likiwa mlangoni. Maana nikifikiria mtu anamwaga lami juu ya mistari yako ya maharage, ile iliyopinda kama miguu yako... donc, acha.

Kwaheri, mkorofi. Pumzika. Waje na karatasi nyingine, waje na katapila, watanikuta nimekaa katikati ya shamba. Na ile mistari, nakuahidi, sitainyoosha.