Filamu ya Kisasi Aliyoitafsiri Jenifa

Mandewa,
Singida.
23 Juni 2025

Mpendwa dada Redempta,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba baridi ya Songea haijakurudishia kikohozi cha mwaka jana. Fredrick na Joyce wanaendeleaje na masomo? Joyce aliniahidi matokeo ya mtihani wa nusu muhula na mpaka leo hajatuma. Kwa uzoefu wangu, ukimya wa namna hiyo una habari ndani yake.

Sisi huku hatujambo. Mama anatembea bila fimbo tangu mwanzoni mwa mwezi, isipokuwa akimwona mgeni anayeweza kumwonea huruma. Alizeti imetoka vizuri kuliko mwaka jana. Upepo wa Juni umeanza, na vumbi la Mandewa limeingia mpaka kwenye kabati la vyombo.

Uliniambia niandike, nisipige simu, kwa sababu kwenye simu mimi hujibu swali moja na kukwepa mawili. Ni kweli. Kwa hiyo naanza na maswali yako kama ulivyoyauliza.

Ulinituma Misigiri nikamtoe Jenifa kwenye banda la video na kumpandisha basi la kuja kwako kabla ya tarehe moja Julai, ili shule iliyokubali kumwajiri isimpe mtu mwingine nafasi yake. Ulisema mimi ndiye mjomba wake, na kwetu mjomba akishasema, mtoto hana pa kukimbilia. Uliuliza pia kama binti yako anajilisha kisasi, maana umesikia filamu anazozitafsiri ni za watu kulipizana tu, na wewe unajua vizuri baba yake alikufaje.

Nilikwenda Jumamosi iliyopita, tarehe 21. Nakuandikia niliyoyaona. Pale nilipoambiwa tu, nitasema nimeambiwa.

Banda ni la kijana anayeitwa Alute. Lina kuta za matofali ya kuchoma, mabenchi kumi na mawili na televisheni moja kubwa. Filamu ilianza saa nane mchana, na kufikia saa nane kasorobo mabenchi yalikuwa yamejaa. Wengine walisimama ukutani, wanawake wakiwa wengi kuliko nilivyotegemea. Jenifa anakaa kwenye kigoda pembeni ya televisheni, kipaza sauti mkono wa kulia, rimoti mkono wa kushoto. Mtu wa kwenye filamu akifungua mdomo, anapunguza sauti ya televisheni na kusema yeye. Anasema wanaume, wanawake, polisi na mbwa. Harekodi kama watafsiri wa mjini. Anatafsiri papo hapo, mbele ya watu, na watu wanamjibu. Nyumbani huitazama filamu mara tatu kabla na kuandika kwenye daftari. Nimeliona daftari hilo. Ni safi kuliko madaftari yangu.

Kuna jambo moja lazima nikueleze, la sivyo mengine hutayaelewa. Watafsiri huwapa watu wa kwenye filamu majina ya huku kwetu, ili mtazamaji asipotee. Mwezi wa nne Jenifa alimwita jambazi wa filamu Yeremia, bila kufikiri. Misigiri ina Yeremia mmoja, muuza nyama, mtu mfupi, mnene na mpole. Kwa wiki mbili watoto walikuwa wakimwona wanakimbia, na wateja wanamwuliza ile nyama ni ya nani. Nimeambiwa alikwenda kwa wazee akiwa ameshika kofia mkononi na kusema: "Mimi nauza nyama, sijaua mtu."

Wazee walikaa. Wengine walitaka Jenifa atoe mbuzi. Yeremia mwenyewe alikataa mbuzi, akasema anao wengi, anachotaka ni jina lake lirudishwe lilikotolewa. Basi wakaamua hivi: katika filamu nzuri itakayofuata, yule anayeshinda aitwe Yeremia, mwanzo mpaka mwisho, na mwenye jina akae benchi la mbele. Jenifa alikubali, akaomba radhi. Tangu hapo ana sheria yake: halitumii jina la mtu yeyote bila kuomba ruhusa kwa mwenyewe, na kama mwenyewe amefariki, kwa nyumba yake.

Filamu ya Jumamosi ndiyo iliyokuwa ya kulipa faini hiyo. Yeremia alikuja na koti la suti la mtumba, rangi ya kijivu, mikono yake mirefu kupita vidole.

Filamu yenyewe ni ya Kikorea na haina mambo mengi. Mwanamume amesafiri kikazi. Anarudi, anakuta chumba cha ushonaji cha mkewe kimechomwa moto na mkewe amefia ndani. Aliyeamuru ni tajiri aliyekitaka kiwanja. Yote hayo tunayajua dakika ya sita. Dakika ya saba mtu huyo anapiga pasi suti ya kijivu, anafunga tai, anatoka. Zinabaki saa moja na robo za kumfuata tajiri, na njiani wamesimama watu tisa.

Kupiga pasi peke yake kunachukua dakika mbili, bila muziki. Jenifa aliuacha mvuke wa pasi upae kwanza, kisha akasema tu, "Ya mkaa ingeshaacha doa," na banda zima likaitikia kwamba ni kweli.

Nilikuwa nazidharau filamu za aina hii, unajua. Nitakueleza sababu ya kubadili mawazo kama ambavyo ningemweleza mhariri. Kila pigo unaona limetoka wapi na limetua wapi. Mpiga picha hatikisi kamera ili kuficha uvivu. Kuna ugomvi mmoja kwenye korido yenye vioo pande zote, na mwingine kwenye mvua, katikati ya miavuli myekundu. Kwa kuwa hakuna anayepoteza muda kueleza, jicho linapata nafasi ya kuona kitambaa cha suti kinavyogeuka mtu anapogeuka. Mkosaji anajulikana, kosa linajulikana, na mtu anatembea kuelekea huko. Mimi mwaka huu ni wa ishirini na sita naandika habari za mkoa huu. Sijui nimeandika mara ngapi kwamba shauri limepangiwa tarehe nyingine. Mhariri mmoja aliwahi kuniambia kwamba sentensi hiyo naweza kuiandika nikiwa usingizini. Pale kwenye benchi nilielewa watu wale walikuja kupumzika kutokana na nini.

Kelele zilikuwa nyingi, na nyingi zilimwendea Yeremia. Adui alipomnyemelea yule wa kwenye filamu, watu walimwita, "Yeremia, nyuma yako!" na Yeremia wetu akageuka. Jirani yake akamtuliza: "Wewe tulia, anaambiwa yule mrefu." Alicheka kuliko wote. Alipomwangusha adui wa tano, yaani yule mrefu alipomwangusha, watu wa benchi la pili walimpa Yeremia mkono wa pongezi, na yeye akaupokea kwa heshima kabisa.

Baada ya adui wa sita, mama mmoja wa makamo anayeitwa Magreth akasimama. Nimeambiwa huuliza swali katika kila filamu na hakuna anayemkataza. Safari hii aliuliza kwa upole, akiitazama televisheni:

"Lakini Yeremia mwanangu, mahakamani mbona hukwenda?"

Yeremia wa nyama akafungua mdomo ajibu. Jenifa akamwahi, kwa sauti nzito ya yule mwenye suti, wakati yule mwenyewe anapanda ngazi kimya:

"Nilikwenda, mama. Wakaahirisha mara kumi na moja. Ya kumi na mbili nikaona bora ninyooshe suti."

Benchi moja lilianguka kwa kicheko. Mimi sikucheka. Dada, wewe na mimi tulikaa kwenye korido ya mahakama siku zote hizo kumi na moja, tangu shimo la dhahabu la Sekenke lilipomfukia shemeji Nathanaeli mpaka mwenye shimo alipohama mkoa na faili likanyamaza. Jenifa alikuwa na miaka kumi na mbili. Sikujua kama alikuwa anahesabu.

Nilimtazama usoni kwa makini, kwa sababu hilo ndilo ulilonituma. Hakukunja uso. Alikuwa anasubiri kicheko kishuke ili sentensi inayofuata isikike. Aliisubiri kama fundi anavyosubiri gundi ishike. Kisha akaendelea na adui wa saba.

Mwisho wake ni huu. Tajiri anaanguka. Suti ina doa moja, begani. Yule mwanamume anakaa kwenye ngazi na kutazama viganja vyake, basi. Alute alimpungia Jenifa mkono aseme kitu, maana wateja wamezoea mtafsiri anayeongea hata upepo ukivuma. Jenifa akakiweka kipaza sauti mapajani. Nilitazama saa: sekunde arobaini na moja. Katika banda lenye watu zaidi ya mia hakuna aliyekohoa. Magreth peke yake ndiye aliyesema, taratibu, "Pole, mwanangu," akiiambia televisheni.

Nimehudhuria hotuba nyingi za watu wakubwa, dada. Sijamwona aliyeweza kunyamazisha watu kiasi hicho kwa kunyamaza yeye.

Baadaye alinikaribisha chai na viazi vitamu chumbani kwake. Tangu nimshike mkono alikuwa anajua nimekuja kufanya nini. Aliniamkia, akaniuliza kama nimekuja kumbeba, na akasema mwenyewe kwamba nikisema aende, ataenda, hatanivunjia heshima. Akaniomba nimalize kwanza chai. Nilimwuliza kwa nini alinyamaza pale mwisho.

"Pale hana cha kusema, mjomba," akasema. "Amewamaliza wote na mke wake bado hayupo. Ningeongea ningekuwa nawadanganya."

Nikamwuliza na zile mara kumi na moja, kwa nini alizisema mbele ya watu. Akamenya kiazi.

"Nilitaka nijue kama zinachekesha. Zilichekesha. Nikasikia nafuu."

Hapo ndipo nilipoamua, na ninaomba uamuzi huu uuhesabu kuwa wangu, si wake. Sikumpandisha basi. Nilimwambia abaki. Hasira zako zote zielekeze Mandewa, mimi nipo na ninazisubiri. Nafasi ya ualimu ni kitu kizuri na najua ulivyoihangaikia. Mkuu wa shule nitamwandikia mimi mwenyewe kumshukuru na kumwomba radhi. Lakini ulitaka kujua kama mtoto ana kisasi. Nimemwona akikishika mikononi mbele ya watu mia, akakigeuza huku na huku, kisha akakiweka chini. Wewe na mimi tumeshindwa kufanya hivyo kwa miaka kumi na moja. Jenifa anajua anachokifanya, na anakifanya vizuri kuliko mtu yeyote niliyemsikia. Nilitoka pale nikiwaambia watu nisiowajua kwamba yule ni mpwa wangu. Yeremia alinisindikiza mpaka stendi akiwa bado amevaa koti, ananieleza alivyowapiga.

Limebaki jambo moja, na hili anakuomba yeye, mimi ni mpeleka habari tu. Jumamosi ya tarehe 19 Julai ana filamu nyingine. Ni ya mtu anayeshuka mgodini kuwatoa wenzake waliofukiwa, na anatoka nao wakiwa hai. Anataka mtu huyo aitwe Nathanaeli. Bibi zake wa upande wa baba, huko Sekenke, ameshawauliza, wamekubali na wamesema watakuja. Amesema bila neno lako hatalitumia, atatafuta jina lingine na hatakulaumu. Tafadhali nijibu kabla ya tarehe hiyo. Kama jibu ni ndiyo, kuna basi linalotoka Songea Alhamisi asubuhi, nami nitakupokea stendi ya Singida.

Nisalimie sana Fredrick, mwambie kitabu alichoomba nimekipata. Joyce mwambie matokeo yoyote ni matokeo, atume. Msalimie pia jirani yako mama Benson aliyekuuguza mwaka jana. Mama anakusalimu na anasema simu yako ya Jumapili ilikuwa fupi mno. Shangazi Jesca naye anakusalimu.

Mungu akulinde njiani na nyumbani, akupe usingizi mzuri.

Mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote, hata siku nisiyokutii,

Gerald